UZI: Nimechomoa diski ya eSATA mstari wa kijani ukiwa umeisha, send-off nzima ya Moshi imepotea. Boksi limenidanganya au mimi ndo mjinga?

KameraNjiro
Wakuu salaam. Naandika huu uzi sijala tangu asubuhi, hela ipo ila tumbo limegoma. Mimi ni mtu wa video, ofisi ipo Njiro, nashuti harusi, send-off, vipaimara na ubarikio. Jumamosi nilikuwa Moshi, send-off maeneo ya Soweto, ukoo mkubwa, ndafu wawili, maspika utadhani kampeni. Nikapanda Noah ya usiku nikafika Njiro saa saba kasoro nimechoka hoi, nikasema kabla sijalala nimwage mzigo kwenye diski.

Sasa mashine ya ofisini ni desktopu ya zamani ina Windows 7, kwa nyuma ina tundu la eSATA, lile la kuunga diski ya nje, na nina ile doki ya kutumbukiza diski kwa juu kama mkate kwenye tosta. Boksi la doki limeandika wazi kwamba unachomeka na kuchomoa bila kuzima mashine. Nikakopi kadi mbili za giga 64, zote zilikuwa karibu zijae, ule mstari wa kijani ukafika mwisho ukapotea. Nikatafuta pale chini kwenye kona kile kialama cha kutoa kwa usalama, hakuna, diski haionekani kabisa kwenye ile orodha. Nikasema si wameandika inachomolewa tu, nikaichomoa nikaiweka mezani. Nikafomati kadi zote mbili ndani ya kamera kwa sababu Jumapili saa mbili asubuhi nilikuwa na kipaimara Usa River.

Leo nachomeka diski, Windows inaniambia lazima niifomati kwanza ndo niitumie. Nikibonyeza kuangalia ukubwa inasoma sifuri. Bibi harusi anaolewa Jumamosi ijayo na familia wanataka kipande kidogo cha kuonyesha ukumbini. Nisaidieni jamani.

ChaliiWaSakina
Dah pole sana arifu. Ila kufomati kadi usiku uleule mzigo ukiwa sehemu moja, hiyo roho ni ya bodaboda anayepita katikati ya Coaster mbili pale Mianzini. Nipo paleee nimekaa nasubiri mafundi.

FundiPasua
Pole mangi. Kabla ya story yoyote: USIBONYEZE fomati. Na usikubali mtu akuendeshee chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, kwenye hiyo diski, najua kuna wa kukuambia, ile kitu inarekebisha mpangilio wa mafaili hata kama ni kwa kutupa vipande isivyovielewa, na ikishaandika juu hakuna kurudi. Diski itoe, iweke kando. Kadi zote mbili zitoe kwenye kamera, usishuti hata sekunde moja.

Hiyo Jumapili ulitumia kadi ipi, na ulishuti dakika ngapi?

KameraNjiro
Fundi asante. Nilitumia moja tu, ile niliyoikopi ya pili. Kama dakika 40 hivi, nashuti megabiti 100 kwa sekunde. Ile nyingine sijaigusa tangu niifomati.

FundiPasua
Basi unaweza ukala chakula. Kufomati kwa kamera nyingi ni kuchana orodha tu, kama mwenyekiti wa mtaa kachana daftari la wakazi, watu wenyewe bado wamelala majumbani kwao. Wanahama pale utakapojenga nyumba mpya juu yao. Dakika 40 kwa megabiti 100 ni kama giga 30, kwahiyo kwenye ile kadi ya pili umejenga nusu ya mwanzo, nusu ya mwisho ipo. Kadi ya kwanza ipo yote.

Sasa boksi. Boksi halijakudanganya, limekuambia nusu ya maneno. Kuna mambo mawili humu watu wanayachanganya kila siku, umeme na data, na kuchomoa bila kuzima ni habari ya umeme.

Chukua diski yoyote ya SATA (ndo kiunganishi cha diski nyingi za ndani ya kompyuta) uiangalie mkiani. Kuna kiunganishi kikubwa cha pini 15, hicho ni cha umeme, na kidogo cha pini 7 cha data. Ukiangalia vizuri kwenye mwanga hizo pini hazina urefu sawa. Zile za ardhi zimetokeza zaidi, ndo zinagusa kwanza ukichomeka na ndo zinaachia mwisho ukichomoa. Zinafuata za kuingiza umeme kidogo kidogo ili diski isivute mkupuo mmoja na kuzitetemesha diski nyingine zilizo kwenye laini hiyohiyo, ndo zinakuja zilizobaki. Wenyewe walipoitengeneza SATA, ambayo toleo la kwanza lilitoka 2003, walishapanga kwamba diski itachomekwa mashine ikiwa inawaka. Zile za zamani za mkanda mpana wa pini 40 hazikuwa hivyo, ukichomoa mashine ikiwa inawaka ulikuwa unacheza kamari na ubao mzima.

Hata vichwa vya kusomea vina kinga. Umeme ukikatika ghafla sahani bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki, na diski inatumia mzunguko huohuo kama dainamo ya baiskeli kuvirudisha vichwa kwenye maegesho. Kwahiyo chuma chako hakijaumia, nina uhakika kama 90.

Kilichoumia ni data. Windows ikikopi haipeleki yote diskini palepale, inaweka kwanza kwenye RAM, memori ya muda ya kompyuta, ili wewe uone mambo yanakwenda, na diski yenyewe ina kamemori kake ka ndani nako kanapokea kabla ya kuandika. Fikiria konda. Umempa nauli, kwa upande wako umelipa, ila dereva bado hajashika hela, ipo kati ya vidole vya konda. Ule mstari wa kijani unakuambia konda kapokea. Wewe ukamshusha konda KIA na nauli zote.

ChaliiWaSakina
Umemshusha konda KIA nimecheka hadi bosi kanigeukia 😂😂

DaktariWaLaptopu
Mi sikubaliani na huo woga. Nachomoa fleshi bila kubonyeza chochote mwaka wa kumi sasa na sijawahi kupoteza hata picha moja. Hii kutoa kwa usalama ni mbwembwe tu.

FundiPasua
Daktari hujapoteza kwa sababu ni fleshi. Windows ikiona fleshi ya USB kwa kawaida inaiweka kwenye hali ya kutolewa haraka, yaani haikusanyi mambo kwenye RAM, inaandika moja kwa moja, spidi inapungua ila ukichomoa ikiwa imetulia hasara ni ndogo. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809, lile la 2018, hali hiyo ndo wameifanya ya kawaida kwa diski za nje. Yeye ana Windows 7 na, hii ndo pointi kubwa, hakutumia USB.

eSATA haina ujanja wowote katikati. Ni SATA ileile ya ndani ya mashine imetolewa nje kwa kiunganishi kigumu zaidi na waya ulioruhusiwa kufika mita 2, wakati ule wa ndani mwisho mita 1. Kwahiyo kompyuta ikiiona diski yako ya kwenye doki inaona diski ya ndani kama ile yenye Windows. Na diski ya ndani hakuna anayetegemea utaichomoa, kwahiyo kukusanya kwenye RAM kumewashwa na kile kialama cha kona mara nyingi hakitokei. Hukukikosa kwa upofu, hakikuwepo.

Siku nyingine ukiwa na eSATA na kialama hakipo, nenda kwenye usimamizi wa diski uiweke diski ofulaini ndo uchomoe. Au ingia kwenye sifa za diski uzime huko kukusanya. Au kama hutaki kufikiria, zima mashine, hakuna aliyekufa kwa kuzima mashine.

Swali lingine, ukiichomeka mashine ikiwa inawaka huwa inaonekana palepale?

KameraNjiro
Hapana, huwa lazima niristati ndo inaonekana. Nilikuwa najua ndo tabia yake.

FundiPasua
Nilijua. Hiyo BIOS yako, ile programu ya kuwashia mashine, ipo kwenye hali ya IDE, imeigiza mambo ya zamani, na huko hakuna habari ya kugundua diski mpya mashine ikiwa inawaka. Inatakiwa iwe AHCI, hali mpya ya kuongea na diski za SATA. Ila usiende kubadilisha usiku huu, Windows 7 iliyowekwa ikiwa IDE ukiigeuza ghafla inakupa skrini ya bluu, lazima kwanza uiwashe draiva ya AHCI kwenye rejista. Njoo nayo, au mtafute fundi hapohapo Arusha anayejua hilo, sio anayekuambia tupige Windows upya kwa kila ugonjwa.

Mama_Stationari
Habari zenu wadogo zangu. Mie nina stationari hapa Usa River, kompyuta mbili na printa. Pole sana mwanangu wa kamera, huenda hata hicho kipaimara nilikuwepo. Naomba kuuliza na mimi. Nilinunua diski ya nje terabaiti 1, nikaambiwa ni USB 3, ina mdomo wa bluu. Kwenye kompyuta moja inakopi haraka, kwenye nyingine inajikokota hadi wateja wanaondoka. Na siku zingine hata kwenye ileile ya haraka inajikokota. Ni virusi?

KameraNjiro
Mama shikamoo. Kumbe ni ule uliofanyika kanisa la pale juu? Ulimwengu mdogo.

FundiPasua
Shikamoo mama. Sio virusi. Angalia tundu unalochomeka, kama ndani ni jeusi au jeupe kuna uwezekano mkubwa ni USB 2, hiyo ni ya mwaka 2000, megabiti 480 kwa sekunde. Ukigawa kwa 8 ni megabaiti 60, ila kiuhalisia unapata 30 na kitu, ikijitahidi 40. Ya bluu ni ile ya 2008, gigabiti 5, hapo diski yako ndo inakuwa kikomo, maana diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 yenyewe inatoa kama megabaiti 100 na ushee. Mzigo wa giga 100 kwa USB 2 ni dakika 45 hivi kama mambo ni mazuri, kwa bluu ni kama robo saa.

Hiyo ya siku zingine kujikokota kwenye tundu la bluu inachekesha ila ni kweli: usichomeke polepole. Ndani ya mdomo wa USB 3 kuna pini nne za mbele za USB 2 na tano za nyuma za spidi kubwa. Ukiingiza kwa kusitasita zile za mbele zinagusa kwanza, kompyuta na diski zinakubaliana kwamba sisi ni USB 2, na wanabaki hivyo. Chomoa (kwa usalama mama, kwa usalama!) halafu ingiza kwa mkupuo mmoja.

Ikigoma badilisha waya. Waya mrefu wa bei ya kutupa ndo mchawi wa mambo mengi.

Mama_Stationari
Yaani dawa ni kuingiza kwa nguvu 😄 haya nitajaribu kesho. Na ile mipya yenye mdomo mdogo wa duara pande zote, ya simu?

DaktariWaLaptopu
Hiyo ya C mama usinunue kwa kuangalia umbo. Umbo ni moja ila ndani kila waya una tabia yake. Nyaya nyingi za chaja za simu ndani ni USB 2 tupu, unamchomekea mtu SSD (diski isiyozunguka) ya laki kadhaa inakimbia kama fleshi ya mwaka 2005. Na majina ndo vurugu kabisa, ile USB 3.0 ya gigabiti 5 wakaja kuiita 3.1 Gen 1, baadae tena 3.2 Gen 1, kitu kilekile. Mimi nasoma namba ya gigabiti tu, 5, 10, 20, 40, jina waachie wenyewe.

FundiPasua
Hapo Daktari nakupa mkono.

Mzee_wa_Kaseti
Vijana nimepita hapa nikaona niseme. Mimi nimeanza video na kanda za VHS, baadae MiniDV, studio yangu ilikuwa karibu na Soko Kuu. Kipindi hicho wenye spidi walikuwa FireWire, waya wa kuunga kamera na kompyuta, ilipitishwa rasmi 1995, Sony wakaiita i.LINK, na ilikuwa megabiti 400. Kwenye karatasi USB 2 ya 480 ilikuwa inaishinda lakini kwenye kazi FireWire ilikuwa inaiacha mbali, kwa sababu haikuwa inaitegemea sana kompyuta kuiongoza kila hatua. Unaunga kifaa nyuma ya kifaa, hadi 63. Ila na yenyewe walisema unachomeka tu mashine ikiwa inawaka, na mimi niliunguza tundu la kamera kwa kuingiza plagi ile ya pini sita imegeuka. Ukiisukuma kwa hasira ilikuwa inakubali. Kwahiyo hilo neno la boksi mimi nilishaliogopa zamani.

Kitu kimoja kilichonishangaza miaka hiyo ni kwamba ule mkanda mpana wenye nyaya nyingi ulishindwa na kawaya kembamba. Nilidhani barabara pana ndo inapitisha magari mengi.

ChaliiWaSakina
Shikamoo mzee. Hata mimi hilo sijawahi kulielewa, nyaya 40 zinashindwaje na nyaya 4?

FundiPasua
Shikamoo mzee wetu. Hili swali zuri ngoja niweke kahawa.

Kwenye mkanda mpana biti 16 zinatoka pamoja, kila moja na njia yake, na zinatakiwa zifike pamoja ili zisomwe pamoja. Ni kama kwaya inayoingia kanisani kwa mstari mmoja mlalo. Ikitembea taratibu mstari unanyooka. Ukiiambia ikimbie, mmoja yupo mbele, mwingine nyuma, mwalimu hajui wimbo umeanza lini. Halafu nyaya zikilala pamoja sauti ya mmoja inaingia kwa jirani. Wakaongeza nyaya za ardhi katikati zikawa 80, wakafika megabaiti 133 kwa sekunde wakaishia hapo.

SATA wakasema basi, wanakwaya waje mmoja mmoja ila wakimbie kama Gidamis Shahanga. Waya mbili za kwenda, mbili za kurudi. Na hizo mbili zinabeba kitu kilekile kimegeuzwa, moja ikipanda nyingine inashuka, upande wa pili unasoma tofauti yake tu. Kelele za chaja au simu zikiingia zinaingia kwenye zote mbili sawa, ukitoa moja kwa nyingine kelele inajifuta. Kwahiyo volti ndogo inatosha na unaweza kubadilisha haraka sana. Ndo ikaanza gigabiti 1.5, ikaja 3, ikaja 6.

Na usigawe kwa 8 hapo. Kila biti 8 za mzigo zinafungwa kwenye biti 10 ili upande wa pili usipoteze mapigo, kwahiyo gigabiti 6 ni megabaiti 600 kamili, na gigabiti 5 za ile USB ya bluu ni 500 kabla ya makato mengine. SSD ya SATA inagota kwenye 550 hivi. Ukitaka zaidi ya hapo ndo unahamia NVMe, zile SSD za spidi zaidi, kwenye Thunderbolt au USB4 za gigabiti 40, ila kwa diski ya kuzunguka unalipia barabara ya njia nane kupitisha guta.

eSATA yenyewe ndo hivyo inazeeka. Kosa lake kubwa ni kwamba haikubeba umeme, ukawa na waya wa data na adapta pembeni, wakati USB waya mmoja unamaliza.

MpandishaWageni
Wakuu mimi ni mtu wa mlima, njia ya Marangu. Kwenye adapta na umeme sina la kusema ila nina hili la diski. Nilikuwa na mgeni mpiga picha, kila jioni anakopi kadi kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Kambi ya Mandara ikafanya kazi, Horombo ikaanza kutoa sauti ya tik tik, Kibo haikusoma kabisa. Tukashuka hadi getini ikasoma kama hakijatokea kitu. Mgeni alidhani ni baridi. Fundi hiyo ni nini?

FundiPasua
Hewa kaka. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa mto wa hewa mwembamba kuliko unywele mara nyingi mno. Diski nyingi za kawaida zina katundu kenye chujio, zinapumua hewa ya mahali zilipo, na watengenezaji wengi wanaandika mwisho wa kufanyia kazi ni mita 3,000 na kidogo. Mandara ni 2,720, sawa. Horombo 3,720, umeshavuka. Kibo 4,720, hewa nyepesi, kichwa kinashuka karibu na sahani. Huyo mgeni alibahatika sana, angeweza kukwangua. Waambie wapande na SSD, haina kinachoelea. Ya kuzunguka iachwe hotelini Moshi.

Na hata wale wa Ngorongoro, kimo pale hakina shida, shida ni kukopi ndani ya Land Cruiser inayotetemeka sahani ikiwa inazunguka. Subiri mfike.

MpandishaWageni
Aisee asante, hii naibandika kwenye kile kikaratasi cha vitu vya kubeba.

ChaliiWaSakina
Fundi na mimi nina la kuungama. Doki yangu adapta iliungua, nikapata chaja ya laptopu plagi ikaingia vizuri kabisa. Taa ikawaka mara moja, ikatoka harufu. Hiyo diski ipo kabatini mwaka wa pili, ina picha za marehemu bibi.

FundiPasua
Wewe uliyemcheka mwenzio 😀 Chaja nyingi za laptopu ni volti 19. Doki ya diski kubwa za inchi 3.5 inataka 12, na 5 inajitengenezea yenyewe. Plagi kuingia sio ruhusa.

Ila usikate tamaa, kwenye ubao wa diski nyingi kuna vidude viwili vya kinga, kimoja cha laini ya 12 na kimoja cha 5, volti ikizidi vinajikufia kwa kujishoti ili vingine vipone. Mara nyingi fundi anapima, akikuta kimeshoti anakitoa, diski inawaka bila kinga kwa muda wa kukopi tu halafu inastaafu. Usibadilishe ubao na wa diski nyingine hata kama namba zinafanana, kuna chipu ndogo yenye vipimo vya diski ileile. Lete Moshi nipime, kupima sichaji.

ChaliiWaSakina
Fundi nakuja Jumatano. Siandiki tena utani humu.

KameraNjiro
MREJESHO. Jana nimepanda Coaster asubuhi na diski na kadi, nimeshinda Pasua kwa fundi hadi saa moja usiku. Naandika kwa ambao wana balaa kama langu.

Hakugusa diski yangu kwanza. Alichukua diski yake tupu, akakopi yangu nzima kwa ddrescue kwenye Linux, sekta kwa sekta, akaifungia yangu kwenye mfuko. Kazi yote akafanya kwenye ile kopi. Kwenye kopi akaendesha TestDisk, programu ya kurudisha mpangilio wa diski, jedwali la mafaili lilikuwa limechanika katikati ila folda nyingi zikarudi na majina yake. Kadi ya kwanza akaipitisha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, ikarudi yote, majina yamepotea, sasa hivi kazi yangu ni kuangalia klipu moja moja na kuzipanga. Kadi ya pili nusu ya mwisho ikarudi kutoka kwenye kadi, nusu ya mwanzo ikatoka kwenye diski. Ndafu wote wawili wapo. Kaka mtu anavyolia yupo.

Kisichorudi ni hotuba ya mama mzazi, dakika 9. Fundi alinieleza: diski ilikuwa karibu ijae, ile klipu ikaandikwa vipande vipande kwenye nafasi zilizobaki, na ukurasa wa kuonyesha vipande viko wapi ndo ule uliokuwa bado mkononi kwa konda. Na kwenye kadi ndo pale nilipojenga kipaimara juu yake. Tumejaribu hadi tumechoka.

Nimempigia kaka yake bibi harusi nikamwambia ukweli, sikutunga virusi wala umeme. Alikaa kimya kidogo, akasema mjomba wao alirekodi hotuba yote kwa simu akiwa meza ya mbele, sauti ipo vizuri ila picha imesimama wima. Anaiweka kwenye fleshi, anampa dereva wa Coaster, inafika stendi ndogo saa kumi.

Mama_Stationari
Mungu ni mwema mwanangu. Na mie nimeingiza kwa mkupuo, diski inakimbia.

DaktariWaLaptopu
Mwambie huyo kaka mtu abonyeze kutoa kwa usalama kabla hajachomoa hiyo fleshi.

KameraNjiro
Nimemwambia mara tatu. Na nimemwambia mjomba asifute kwenye simu hadi nimpigie.